Posa ya Mnarani

Mdogo wangu Ramli ni mtu wa kusifiwa kwa mengi, lakini kuongea hajajaliwa. Ndiyo maana mwanawe Kamarul alipotaka kuoa, mshenga nikawa mimi, Zabedah, mkubwa wa ukoo, ambaye kijiji kizima kinaniita Mak Long, yaani Shangazi Mkubwa, na nusu yake inaniogopa. Kamarul nimemlea mwenyewe nyumbani kwangu tangu mama yake afariki. Mimi ni mjane, sikuzaa, na huyo ndiye mwanangu.

Alimtaka Saodah, binti wa mlinzi wa mnara wa taa wa Tanjung Tuan. Tatizo lilikuwa baba mtu. Pak Idros alikwisha kuwarudisha washenga wa vijana wengine mara mbili bila sababu, na Kamarul alikuwa ameniambia waziwazi kwamba nikirudi mikono mitupu yeye haoi tena. Wiki nzima alikuwa anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Nilikuwa na hasira na yule mzee hata kabla sijamwona.

Tulipanda kilima mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, mimi, Ramli na wapwa zangu watatu, na masinia matano. Njia inapita msituni, mizizi imetambaa kila mahali, na chini unasikia bahari ikipiga miamba. Tumbili walitufuata juu ya matawi tangu getini. Karibu na kona ya mwisho mmoja aliruka, akavuta kitambaa, na sinia la ndizi likaenda nacho bondeni.

"Yamebaki manne," Ramli akanong'ona, uso umempauka. Masinia ya posa lazima yawe witiri. Kwenda na manne ni kuwatakia watu nuksi mlangoni kwao.

"Acha moja hapa."

"Lipi, dada?"

"Hilo unalolibeba kama ndoo ya saruji."

Keki nilizoziandaa kwa siku mbili zikabaki chini ya mti, tumbili wakashuka kula mbele ya macho yangu. Tukafika na matatu, kama watu wasio na jamaa.

Pak Idros alikuwa juu kabisa, kwenye baraza inayozunguka taa, darubini usoni. Alijibu salamu yetu bila kuiteremsha.

"Mmeona wangapi njiani?"

"Tumbili?"

"Mwewe, Mak Long. Leo wanavuka kutoka Sumatra, mimi sishuki. Kama mna neno, mje nalo huku."

Nikapanda ngazi za mnara na sinia la tambuu, Ramli nyuma yangu, nikimtukana yule mzee kimoyomoyo kila hatua. Juu, kioo cha taa kilikuwa kimezungushiwa mapazia meupe. Nilipotaka kuchungulia, akanizuia.

"Usiguse. Jua likipita kwenye kioo hicho, msitu wote unaungua."

Nikatoka nje hadi barazani. Mwewe walikuwa wanakuja chinichini juu ya maji, wanapiga mbawa kwa shida, wamechoka mno. Nilijua wengine wangezama majini. Lakini wakishafika juu ya kilima, joto la nchi kavu liliwabeba, wakaacha kupiga mbawa kabisa, wakazunguka na kupaa mpaka wakapotea. Nakiri nilisahau posa kwa muda.

Saodah alileta chai, akasimama mlangoni. Nikakohoa, nikaanza kwa adabu, jinsi inavyotakiwa.

"Pak Idros, tumesikia hapa kuna ua zuri, nasi tuna kijana anayetafuta ua."

"Hapa chumvi inaua hata mchicha. Ua gani?"

"Mwenyewe unalijua."

"Waliotangulia nao walitafuta ua. Walikunywa chai wakashuka."

Hapo nikaachana na maua. "Sikiliza, mzee. Nimemfuata Saodah. Kamarul ana kasoro gani?"

"Hana. Namjua, ana adabu."

"Basi unamtesea nini?"

Akateremsha darubini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Tangu mama yake Saodah afe, tumebaki wawili. Jioni Saodah ndiye anayepanda kufungua mapazia haya, goti langu haliwezi ngazi mara mbili kwa siku. Mkimchukua, mimi nabaki na tumbili."

Ramli, ambaye hakuwa ametamka neno tangu salamu, akauliza, "Nani amchukue?"

"Nyinyi."

"Sisi hatuchukui, Pak. Sisi tunaleta."

Mzee akanitazama mimi. Ndipo nilipoelewa. Pak Idros ni mtu wa Kedah, jimbo la kaskazini, na kwao mke humfuata mume. Kwetu Negeri Sembilan mwanamume ndiye anayehamia kwa wakwe. Miaka saba amekaa juu ya kilima hiki bila kushuka kwenye harusi hata moja, na sisi haikutupitia akilini kueleza jambo ambalo kwetu hata mtoto analijua.

"Kamarul atahamia hapa?"

"Na nguo zake," nikasema.

"Na wale wa kwanza? Wa masinia saba?"

"Nao walikuwa wanaleta, Baba," Saodah akasema. "Ila sikuwataka, nikanyamaza. Leo nilikuwa nangoja uteremshe darubini nikueleze."

Ramli alicheka mpaka chai ikamwagika. Pak Idros akakaa kwenye ngazi, akajishika kichwa, kisha naye akaanza kucheka.

"Anaamka mapema huyo kijana?"

"Alfajiri," nikasema. "Nguvu anazo, ngazi hizi atazipanda mara kumi. Ila mvua ikinyesha kifua kinambana, apakwe mafuta ya mchaichai. Na akinyamaza msimwulize kitu, mpeni chakula tu, na..."

Nilikuwa nimekuja kupigania jibu nikalipata, na jibu lilikuwa kitanda kitupu nyumbani kwangu. Nikalia mbele za watu, mimi Mak Long.

Pak Idros akanigeukia. "Kumbe atakayebaki peke yake ni wewe."

"Ndiyo."

"Na ulilijua hilo tangu huko chini?"

"Nilijua."

Akavuta sinia, akachukua jani la tambuu, akalitafuna polepole, na hapo posa ikawa imekubaliwa. Kisha akanikabidhi darubini.

"Nyumba ya walinzi ina vyumba vinne, Mak Long," akasema. "Sisi tutakuwa watatu."