Nyuma ya Ukurasa wa 112

Kijijini kwetu barua haikuwa siri ya mtu. Sanduku la posta lilikuwa moja tu, la misheni, na kila Jumapili baada ya ibada katekista Felisiani alisimama mbele na fungu lake akaita majina. Ukinyoosha mkono, bahasha yako inapita juu ya vichwa, kiganja hadi kiganja, na kila kiganja kinaipima uzito. Wangeweza kumtuma mtu mmoja aniletee yangu, lakini wapi, lazima wote waionje kwanza.

Ndivyo kijiji kizima kilivyojua kwamba mimi, mwalimu Melania, nakataliwa. Nilikuwa nimeandika riwaya. Nilihitaji mtu wa kunipeleka kwa wachapishaji Dar es Salaam, na mtu niliyemjua ni Ansbert, niliyesoma naye ualimu, ambaye aliacha chaki akawa wakala wa waandishi. Ukimpendeza, anachukua muswada wako kwapani na kuuzungusha mlango kwa mlango. Usipompendeza, anaurudisha kwenye bahasha nene ya kaki iliyofungwa kwa kamba ya katani. Wangu aliurudisha mara mbili.

"Nene tena, Mwalimu. Pole," mama mmoja wa kwaya alininong'oneza mara ya pili. Nilicheka, eti si kitu. Nilipofika nyumbani nililia mpaka nikaunguza maharage.

Mara ya kwanza Ansbert aliandika kwamba riwaya ni ndefu na inalia mno. Mara ya pili aliandika hivi: "Mtoe yule bibi kwenye moto. Akitoka, nakuchukua."

Bibi huyo nilimpa jina la Marsiana. Katika riwaya, mwaka wa operesheni ya kuhamia vijijini, nyumba za zamani zinachomwa ili watu wasirudi. Paa limeshashika moto, na Bibi Marsiana anakumbuka mbegu zake za maharage, anarudi ndani. Sikulitunga jambo hilo. Nililipata kwa jirani yangu Limi, siku moja baada ya darasa la kisomo cha watu wazima. Alinitajia na jina halisi la bibi, Nshoma, kisha akanishika mkono akaniapisha nisiliandike popote. Aliyeshika kienge cha kuchomea nyumba siku ile alikuwa Ildefonce, katibu wetu wa kijiji. Naye pia sikumwandika jina. Nilimwandika kofia tu, ile ya kaki isiyotoka kichwani mwake.

Nilikataa kumtoa bibi. Nina kichwa kigumu, mama yangu alisema hivyo kabla Ansbert hajazaliwa vizuri. Nikaamua kuinakili riwaya yote upya, kwa mwandiko safi, niitume mara ya tatu. Lakini vita vilikuwa vimeanza mpakani, na dukani kulikuwa na rafu tupu na mwenye duka. Sabuni hakuna, chumvi ya kuvizia, karatasi ndiyo usiulize. Basi nikafungua kabati la shule, ambalo ufunguo wake nilikuwa nao mimi peke yangu, nikatoa fungu la mahudhurio ya zamani ya kisomo. Upande mmoja yameandikwa, upande wa pili meupe. Nikaandika upande mweupe, karatasi mia mbili na kumi, nikaposti mwezi wa Februari.

Mwezi wa Machi Ildefonce alikuja shuleni, akasimama mlangoni pa darasa langu.

"Shikamoo, Ndugu Katibu."

"Marahaba. Mwalimu, ile orodha ya vijana waliojiandikisha mgambo Novemba. Nakala yetu ya kijiji. Haionekani."

"Orodha ipi?"

"Waliandikishwa humu humu darasani kwako, kwenye karatasi zako za kisomo, maana hapakuwa na nyingine. Karatasi tano. Majina, umri, na kambi waliyopelekwa. Wilayani wanaitaka kabla ya mwisho wa Mei."

Nilishika dawati nikajifanya napangusa vumbi. Karatasi tano katikati ya fungu! Nilikuwa nimezigeuza bila kuzitazama, mistari ile ile, rangi ile ile, na juu yake nimeandika ukurasa wa 112 hadi 116. Majina ya wapiganaji wetu na kambi zao yalikuwa njiani kwenda kwa mtu asiye na cheo chochote, tena wakati wa vita, na mimi ndiye niliyeyatia stempu.

"Huenda zimeangukia mahali," nilisema.

"Tuombe hivyo. Wakisikia zimetoka nje ya kijiji, wataulizana zimekwenda kwa nani." Alitazama kabati. "Na ufunguo ni wako."

Siku hizo watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe alikuwa amekamatwa upande wa Ngara kwa sababu ya kikaratasi alichochora njia ya kwenda kwa wakwe zake, na hadi wakati huo mkewe alikuwa hajui amewekwa wapi. Mimi sikuwa na njia ya wakwe. Nilikuwa na orodha ya jeshi.

Nilianza kuogopa kila kitu. Baiskeli ikisimama nje, nachungulia dirishani. Mbwa akibweka, naficha kalamu. Na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba sikuona pa kutokea: nikikosa kuirudisha orodha, mimi ni msaliti, na nikiirudisha, nampelekea Ildefonce, nyuma yake, moto wake mwenyewe, maana kurasa zile tano ndizo za bibi na paa. Ukikwepa mkojo unakanyaga mavi.

Kwanza lakini zirudi. Basi nikapiga magoti na kuomba nikataliwe. Mimi, niliyeomba miaka miwili nikubaliwe, sasa namwomba Mungu bahasha nene. Jumapili baada ya Jumapili nilimtazama Felisiani mikononi.

Jumapili ya tatu ya Aprili akaita, "Mwalimu Melania!" Nikanyoosha mkono. Bahasha ilianza safari yake juu ya vichwa, na kabla haijafika safu ya kati nikasikia mnong'ono, kisha kicheko, kisha mama wa kwaya akapiga kigelegele.

"Nyembamba! Mwalimu, nyembamba!"

Wakanikumbatia. Watu ambao hawakuwahi kusoma hata ukurasa wangu mmoja walinipa mkono kwa furaha ya kweli, na mimi jasho linanitiririka mgongoni. Ansbert aliandika: "Umenishinda. Sasa naona kwa nini hawezi kutoka. Nimekuchukua. Mwezi ujao naupeleka kwa mchapishaji, naye ana wasomaji wanne watakaoupitia."

Wasomaji wanne. Macho manane juu ya orodha ya jeshi.

Jioni ile nilikaa na kalamu. Sikuweza kumweleza ukweli, kwani barua zilikuwa zikifunguliwa njiani. Nikachukua barua zake mbili za kunikataa nikaziiga neno kwa neno. "Kazi yangu ni ndefu na inalia mno. Haijafikia kiwango. Naomba unikatae, na unirudishie karatasi zote bila kupungua hata moja." Nilijikataa vizuri kuliko alivyowahi kunikataa yeye, na iliniuma kuliko zile mbili.

Nene ilirudi Jumapili ya mwisho ya Mei. Safari hii hakuna aliyenong'ona. Waliipitisha taratibu, macho chini, kama wanaopokezana jeneza la mtoto. Ndani Ansbert alikuwa ameandika mstari mmoja: "Sijapata kuona mtu anayekataa kukubaliwa. Usiniandikie tena." Nikahesabu karatasi nikiwa nimepiga magoti sakafuni. Zilitimia. Nikanakili kurasa tano kwenye mfuko wa saruji nilioukata vipande, na kulipopambazuka nikazibeba karatasi za orodha hadi ofisi ya kijiji.

Ildefonce alikuwa peke yake. Mezani pake kulikuwa na bahasha kubwa iliyokwisha kuandikwa jina la wilaya. Nilimpa karatasi, majina juu.

"Zilikuwa wapi?"

"Niliziandikia, Ndugu Katibu. Upande wa pili. Nilidhani ni za kisomo."

Alihesabu majina kwa kidole, yote, bila haraka. Kisha akageuza.

Ildefonce alisoma kwa midomo, kama wanafunzi wangu. Niliona midomo inafika kwenye kofia ya kaki, inasimama, inarudi nyuma, inasoma tena. Nje walipita watu wakisalimiana. Nikawaza nani atawafundisha watoto wangu wa darasa la tatu nikichukuliwa, na kama Limi naye atachukuliwa kwa ajili yangu. Nikajilaani. Alifika ukurasa wa 116, ambao unaishia bibi akiinama kupita chini ya mlango, akasema bila kuniangalia:

"Zinaishia hapa?"

"Nyingine ziko nyumbani."

"Huyu bibi. Alitoka?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Neno moja tu lingeniokoa, na Ansbert alikuwa ameshanifundisha. Alitoka. Wote wawili tungepumua, mimi ningerudi darasani.

"Hakutoka, Ndugu Katibu."

Alivua kofia. Sikuwahi kuona kichwa chake; kilikuwa na mvi nyingi. Akaiweka mezani.

"Niliambiwa alipitia nyuma, akaenda kwa nduguze Shinyanga," alisema. "Miaka mitano najiambia yuko Shinyanga."

Alifungua kalamu, nami nikajua anaandika jina langu. Akainamia ukurasa wa 112, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake kwa herufi kubwa za mtu wa kisomo. Akafanya hivyo kila mahali lilipotokea, karatasi zote tano. Nikanyoosha shingo nikasoma. Alikuwa amemkata Marsiana. Ameandika Nshoma.

Kisha, penye kofia, akaandika Ildefonce.

"Ndugu Katibu, hizo zinakwenda wilayani," nilisema.

"Wanataka orodha. Orodha ndiyo hii."

Akazitia zote tano kwenye bahasha, akailamba, akaibana kwa kiganja. Aliipima uzito, huku na huku, kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayetuma kazi yake kwa mara ya kwanza:

"Mwalimu, wewe umezoea. Unadhani wataisoma?"