Saa Nne Kamili

Barua ya kumvua Shemeji uanachama niliichapa mimi mwenyewe, wiki yangu ya pili ya ukarani, nikajisifu moyoni kwamba haina kosa hata la herufi moja.

Shemeji alikuwa mjane pekee kwenye Kamati ya Askari Wastaafu ya halmashauri yetu. Kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa askari mwenzao, wazee wote sita walimwita shemeji. Kanuni zinatenga kiti kimoja kwa familia za marehemu. Pia zinasema asiyehudhuria vikao vitatu mfululizo anakipoteza. Na daftari la mahudhurio la mwenyekiti, Sajini, lilisema: hayupo, hayupo, hayupo.

Siku ya kikao kilichofuata niliingia ukumbini saa nne kasorobo kupanga chupa za maji. Nikakuta wazee wameshaketi, migongo imenyooka, Sajini anaita majina.

"Nipo!" "Nipo!" Kisha akalifunga daftari, pa!

Saa nne juu ya alama, Shemeji akaingia na barua yangu mkononi.

"Hamjambo mashemeji. Eti sijaonekana vikao vitatu? Mwezi uliopita si nilikuomba usogeze miguu nipite, Sajini?"

"Ulikuja, shemeji, sikatai. Lakini jina lako lilishaitwa. Kwenye gwaride, asiyeitika hayupo."

"Kumbe hili gwaride! Basi nipeni na buti."

Mzee aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kikosi alicheka mpaka akakohoa. Shemeji hakucheka.

"Wajane kumi na wanane wananisubiri niwafikishie shida zao hapa. Leo nikawaambie nini?"

Nikafungua faili.

"Samahani, wazee wangu. Mwaliko unasema saa nne kamili. Na kanuni inasema kikao huanza saa iliyoandikwa kwenye mwaliko. Mama alipokuwa akiingia, kikao kilikuwa... bado hakijaanza."

Sajini aliipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisoma mara mbili.

"Askari hufika robo saa kabla," alisema polepole. "Miaka thelathini sikujua kuna saa nyingine."

"Ipo. Ya sisi tunaopitia kliniki kwanza kuchukua dawa."

Sajini akasimama, akagonga visigino, akampigia saluti. "Kosa ni langu, shemeji. Nafuta hizo 'hayupo' zote. Toa adhabu."

"Aruke kichurachura!" mpiga tarumbeta akadakia.

"Kwa magoti yale? Nani atamwinua?" Sasa Shemeji alikuwa akicheka. "Adhabu ni hii: daftari nashika mimi."

Mikono yote ikanyooshwa, wa Sajini wa kwanza. Barua ya kumthibitisha Shemeji niliichapa palepale, kwa furaha nikakosea herufi tatu.

Mwezi uliofuata, saa nne kasorobo, niliwakuta wazee sita koridoni, wamejipanga mstari mmoja. Mlango ulikuwa wazi.

"Mbona hamuingii?"

"Shh," Sajini akaninong'oneza. "Tunasubiri kuitwa."

Saa nne kamili Shemeji akatokea ngazini, daftari kwapani, bila haraka yoyote.