Jiko la Kukodi

Yai la kwanza lilianguka sakafuni asubuhi yetu ya kwanza kule mlimani, na mama mkwe wangu akasema kosa ni la meza. Meza ilikuwa fupi, alisema, na fundi aliyeitengeneza hakuwahi kupika maishani mwake. La pili lilipofuata alichukua kitambaa, akainama akapangusa pembeni ya pale lilipoanguka. Ute ukabaki palepale. Nilimalizia mimi, na nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kidogo moyoni.

Siku hizi watu wanaokuja kwangu hunisema kwamba nina wivu na jiko. Mtu akiinuka kunisaidia vyombo, namwambia aviache mezani, nitavipanga mwenyewe. Wifi yangu alishanuna kwa sababu hiyo, akaondoka bila kumaliza chai. Simlaumu, maana mimi niliwahi kununa vivyo hivyo, tena kwa miaka.

Nyumba ile ya kukodi ilikuwa juu kabisa, mwisho wa barabara ya changarawe. Ilikuwa na vyumba viwili vya kulala na jiko dogo lenye dirisha moja. Mgeni anapewa ufunguo, mtungi wa gesi uliojaa na kabati la vyombo, mengine yote anajitegemea: apike, aoshe, afagie. Mtunza nyumba, mzee mwembamba mwenye koti refu, alitutembeza vyumbani, akatusomea tangazo la ukutani kana kwamba sisi hatujui kusoma. Usikaange madirisha yakiwa yamefungwa. Usipigilie kitu ukutani. Halafu akashuka zake. Mume wangu alitoa viti barazani, akamkalisha mama yake akitazama mbele.

"Unauona mlima, Mama?"

"Naam. Mzuri sana."

Mbele yetu palikuwa na ukungu mtupu, hata uzio wa nyumba haukuonekana. Mume wangu alicheka mpaka akakohoa, maana mama yake ni mtu wa utani. Mimi pia nilicheka.

Mapumziko yenyewe yalikuwa na jambo ndani yake. Mama alikuwa ameanguka bafuni kwake mwanzoni mwa mwaka, na mume wangu alitaka ahamie kwetu. Hakutaka kuamua peke yake. Aliniomba nimpe jibu kabla hatujateremka, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba aongezewe chai. Jibu nilikuwa nalo tangu nafunga sanduku. Nilikuwa nitakataa, na maneno ya kukatalia nilikuwa nimeshayachagua.

Sababu ilikuwa jiko. Tangu niolewe sikuwahi kuosha hata kijiko nyumbani kwa mama mkwe wangu. Mgeni hapiki, aliniambia siku ya kwanza, na jina likanigandia, akawa ananiita Mgeni. Majirani zake waliniambia nina bahati, nadekezwa. Mimi niliona nimefungiwa nje. Nilikuwa nikisimama mlangoni mwa jiko lake, bega kwenye fremu, tunapiga soga huku nikitazama mikono yake. Chumvi kushoto kwa jiko. Sukari kwenye kopo refu, na nyuma yake mafuta. Vikombe rafu ya juu, mishikio ikielekea dirishani. Kisu kwenye msumari kando ya dirisha. Alivichukua vyote bila kuvitazama, uso wake ukiwa umenielekea mimi, na mimi nikayaita maringo. Kazi yangu ni kutunza stoo ya dawa hospitalini, najua raha ya kitu kukaa mahali pake, lakini sikuwahi kuona mtu akiringa kwa kopo la chumvi.

Mara moja tu niliingia. Alikuwa amemsindikiza jirani, nikaosha vikombe, nikavipanga rafu ya chini, ambako niliona vinafaa zaidi. Aliporudi alinyoosha mkono juu, mkono ukashika hewa. Akabaki hivyo, mkono umeinuka, kwa muda. Nani kagusa vikombe vyangu, aliuliza, na sauti hakuipandisha. Jioni yote hakunisemesha. Nililia ndani ya gari njia nzima, na mume wangu akasema ndivyo mama alivyo, nimzoee.

Basi kule mlimani, baada ya mayai yale, alishikilia kwamba chakula cha mchana atapika yeye. Hata kwenye jiko la watu, niliwaza. Nikaenda kusimama mlangoni, mahali pangu pa siku zote. Alifungua kabati, akatoa kopo, akalinusa, akalirudisha. Akatoa jingine, akachovya kidole, akasugua chembe kwa kidole gumba. Alipofungulia gesi aliinamisha kichwa kusikiliza inapotokea, kisha akasogeza kiberiti polepole kuelekea kwenye ile sauti. Nilikuwa mbele yake kabisa, kwenye mwanga, na hakujua kama nipo.

Nilielewa yote kwa mkupuo: mayai, mlima, vikombe. Alikuwa anaona kwa mikono, na mimi nilikwenda nikamhamishia vitu. Nilimhurumia, halafu nikamkasirikia kwa kunyamaza muda wote ule na kuniacha nijione sitakiwi. Hasira haikukaa. Nilirudi nyuma kwa kunyata, kisha nikaja tena kwa kishindo, ili asikie kwamba nakuja.

Mchuzi wa siku ile ulikuwa na sukari. Mume wangu alisema mama amezeeka, wakacheka wote wawili. Mimi nilimaliza sahani yangu, nikaomba nyongeza.

Kesho yake walipotoka kunyoosha miguu nilisingizia kichwa, nikabaki. Nilitoa kila kitu kabatini nikakiweka mezani, kisha nikaanza kupanga. Sikuhitaji kufikiri. Kusimama kote kule mlangoni kulikuwa kumenifundisha jiko lake kuliko nilivyolijua la kwangu. Kopo refu halikuwepo, nikatia sukari kwenye jagi. Msumari niliung'oa kwenye ubao wa uzio, nikaupigilia kwa jiwe kando ya dirisha, tangazo la mtunza nyumba likinitazama, nikatundika kisu.

Aliporudi aliingia jikoni peke yake, nami nikamfuata hadi mlangoni. Alinyoosha mkono kushoto kama mtu asiyetarajia kitu, vidole vikagota kwenye chumvi. Mkono ukaenda kwenye sukari, ukapita hadi kwenye mafuta, ukapanda kwenye vikombe. Kisha ukafika dirishani, ukapapasa ukuta, ukapanda zaidi, ukakuta kisu.

"Msumari uko juu mno," alisema bila kugeuka.

"Nimepima kwa bega langu, Mama."

Nje mume wangu alikuwa akipiga mluzi huku akikwangua tope kwenye viatu.

"Umejua lini?"

"Jana."

"Mwanangu anajua?"

"Bado."

Alinieleza bila kuzunguka. Daktari alishamwambia hakuna dawa, kitakachobaki ni mwanga wa dirisha tu. Alinyamaza kwa sababu watu wakijua watamnyang'anya jiko, wamweke kwenye kiti, wamletee chakula kwenye sinia hadi siku anakufa. Nilimwambia mimi simnyang'anyi kitu, ila mume wangu ayasikie haya kutoka kwake, na ayasikie kabla hatujateremka. Kisha akakitoa kisu msumarini, akaninyooshea, mpini ukiwa upande wangu.

"Njoo ukate vitunguu."

Nikavuka kizingiti. Vitunguu vilinisitiri, maana nilikuwa nimeshaanza kulia kabla ya kukata cha kwanza.

Mama alimwambia mwanawe mezani, kati ya supu na matunda, kama mtu anayetoa habari za jirani. Mume wangu aliweka kijiko chini, akatoka barazani. Ukungu ulikuwa umeondoka na mlima wote uko wazi. Alisimama akiutazama, tukasikia anapenga kamasi. Aliporudi alivuta kiti karibu na mama yake, akaanza kumsimulia ulivyo, kuanzia chini.

Siku ya kuondoka nilirudisha kila kitu kabatini kama tulivyokikuta. Mtunza nyumba alikagua vikombe, akaridhika, kisha akasimama mbele ya dirisha na kuingiza ncha ya kidole kwenye tundu. Nilimwomba radhi. Alitikisa kichwa, akasema hata wapewe tangazo, watu ni wale wale. Msumari wenyewe ulikuwa mfukoni mwangu.

Tuliposhuka kona za mwanzo mume wangu aliniuliza kwa sauti ya chini nimeamua nini. Alidhani mama amelala kiti cha nyuma. Yale maneno niliyoyachagua sikuyakumbuka hata moja. Niliutoa msumari, nikauweka mbele yake, juu ya dashibodi.

"Tukifika utaupigilia jikoni, kando ya dirisha."

Aliutazama, akanitazama mimi, akarudisha macho barabarani. Hakuwa ameelewa bado.

"Usawa wa bega langu," mama yake akamwambia kutoka nyuma. "Sio lake."