Vigimbi vya Peniel

Watu wa Mtinko walivisifu vigimbi vya Peniel, na kila sifa ilimchoma Evodia, mama yake. Mtoto wa kiume wa miaka tisa, vigimbi vimejaa kama vya mcheza mpira, halafu akitaka kuinuka kutoka chini anajikwea mwenyewe kwa mikono: ashike magoti, ashike mapaja, ndipo asimame. Basi wakasema ni mvivu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini hawa waliambiwa na bado hawakuona.

Siku hiyo Evodia alirudi kutoka kisimani akamkuta mkwewe, Bibi Asnath, nyuma ya zizi na jembe mkononi, anachimbua upya shimo la jana. Ndivyo walivyofanyiwa watoto wote wa ukoo waliochelewa kutembea: unamfukia hadi kiunoni, anasimama humo mpaka miguu ikaze. Peniel alikaa kando, analia kimya. Jana alisimamishwa humo, na leo hakufika hata chooni bila kubebwa.

"Mama, daktari alikataza," Evodia alisema. "Misuli yake ikichoshwa inazidi kuharibika. Tumnyooshe vifundo taratibu, asubuhi na jioni, basi."

"Huyo daktari amemponya?"

"Hapana. Alisema hakuna dawa ya kuumaliza ugonjwa huu."

"Basi niache nijaribu mimi."

Evodia alikasirika. Alijikasirikia zaidi mwenyewe, maana nusu ya maneno ya daktari alikuwa ameyameza miezi minne: ugonjwa uko kwenye damu, na mtoto ameurithi kwa mama, ambaye huubeba bila kuugua. Aliogopa kurudishwa kwao. Lakini bibi alikwisha kumshika Peniel kwapani.

"Ni ugonjwa wa kwetu," Evodia alisema. "Kaka yangu Antipasi alianza hivi hivi. Alilimishwa ili apate nguvu, akafika miaka kumi hatembei tena. Mtoto ameutoa kwangu, mama. Si uvivu, wala hakuchelewa kutembea."

Bibi Asnath alimwachia mtoto. Evodia alisubiri matusi, hayakuja. Bibi alianza kurudishia udongo shimoni, na Scola, mdogo wake Peniel, akarukia humo akaukanyagakanyaga huku anacheka.

Bibi alisimamisha jembe, akamtazama.

"Na huyu wa kike? Akija kuzaa?"

Miezi minne Evodia alikuwa akilinda ndoa yake, na hilo hakuwahi kumuuliza daktari.