Bastola ya Kumfaa Mzee Harlan

Katika duka letu la silaha mtu hakabidhiwi bastola mpaka imekaguliwa mbele ya macho yake. Unatoa magazini kwanza, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Kisha unavuta chuma cha juu mpaka nyuma, unatazama ndani ya chemba inamokaa risasi, unachomeka kidole cha mwisho kuhakikisha hamna risasi, ndipo unampa mwenzako. Naye anarudia yote hayo hata kama alikuwa amekukodolea macho. Asiyerudia tunamwona hana adabu. Utaratibu huo nilifundishwa na Mzee Harlan Teague. Hapa Dunmore Springs, Arkansas, karibu kila mwenye kibali cha kubeba silaha chini ya nguo amepita mikononi mwake, maana aliendesha darasa hilo miaka thelathini na moja, kwenye ukumbi wa nyuma wa kanisa la Wabaptisti.

Mimi, Nadine Pruitt, niliingia darasani humo nikiwa na jicho lililovimba, zawadi ya ngumi ya mume wangu wa kwanza. Mzee Harlan hakuniuliza kitu. Alinivutia kiti cha mbele akasema, "Hapa hakuna haraka, binti." Mwezi uliofuata alikuja kuniombea kazi katika duka hili, na nipo mpaka leo. Baba yangu mwenyewe hakunifanyia nusu ya hayo, kwa hiyo msinishangae nikisema nilimpenda yule mzee kuliko baba.

Baada ya kustaafu akawa anakuja kila Jumamosi na mkewe, Bi Opal. Bi Opal hukaa dirishani na kahawa yake, na sisi wawili tunashindanisha bastola ndogondogo, ipi inakaa vizuri mfukoni, ipi inaruka mkononi. Wateja huacha walichojia wakatusikiliza.

Jumamosi moja ya Oktoba alifungua koti, akatoa bastola yake ya siku zote.

"Hii imenichosha kiuno, Nadine. Nitafutie kadogo."

"Kiuno chako kimechoshwa na biskuti za Bi Opal. Usiisingizie bastola ya watu."

"Msikilizeni mdomo huo! Ndiyo maana hujaolewa tena."

"Nimeshaolewa mara mbili, mzee. Inatosha."

Huku akicheka alivuta chuma cha juu, risasi moja ikaruka nje, ikabiringika juu ya kaunta. Kisha akatoa magazini. Kisha akaielekeza bastola sakafuni na kuweka kidole kwenye kifyatulio.

Nilimdaka mkono. Alikuwa amegeuza utaratibu. Ukivuta kabla ya kutoa magazini, risasi ya kwanza inaruka nje kweli, lakini magazini inasukuma nyingine mahali pake, na wewe unaamini bastola ni tupu. Ndilo kosa alilokuwa akituonya kuliko yote. Nilivuta mimi, na risasi ya pili ikaangukia kiganjani mwangu.

Aliitazama. "Nani kaiweka hiyo?"

Mteja mmoja akacheka, akidhani mzee anatania. Nami nikacheka kwa nguvu, nikasema alikuwa akinijaribu kama ningali macho. Bi Opal hakucheka. Alikuwa ameweka kikombe chini.

Jumatatu Bi Opal alikuja peke yake, nikampeleka stoo.

"Alhamisi nilikuwa bustanini," akasema, "nachuma nyanya za mwisho kabla baridi haijaziua. Naingia jikoni na beseni langu, namkuta Harlan kasimama, bastola kanielekezea mimi. Ananiambia, 'Wewe nani, na Opal umemfanya nini?'"

"Mungu wangu. Ukafanyaje?"

"Ningefanyaje? Nikamwambia Opal kaenda dukani, anarudi sasa hivi, tukae tumngoje. Akakubali. Tukakaa mezani, tukamngoja. Baadaye akaniangalia akasema, 'Kumbe umesharudi, mpenzi.' Akaanza kuosha nyanya."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Sikumkasirikia yeye, wala mzee. Nilimkasirikia Mungu.

"Si umnyang'anye tu, Bi Opal? Uifiche."

"Niifiche wapi? Yule akivaa suruali, bastola ndiyo inafuata, kabla ya viatu. Daktari anasema miezi mizuri iliyobaki inahesabika. Sitaki miezi hiyo ajue kwamba mkewe anamwogopa." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini namwogopa, Nadine. Silali."

Hapo ndipo nilipomwambia la kufanya. Mzee alitaka kadogo, basi tutampa kadogo. Achague mwenyewe kwa moyo wake, aache ile ya zamani kwetu. Kabla sijamkabidhi, nitaipeleka nyuma nikatoe pini inayopiga risasi. Itakuwa na uzito ule ule na sura ile ile, lakini haitaweza kumuua hata sisimizi.

Jumamosi iliyofuata nilipanga bastola tatu juu ya mkeka wa kijani. Niliomba aje akiwa amepotea kidogo, ili dhamiri isinisumbue. Hakuja hivyo. Alikuja mwenyewe mzima, na akili yake yote.

Alianza na ile nyepesi kupita zote. Akatoa magazini, akavuta, akatazama, akachomeka kidole, yote kwa mpangilio.

"Aunsi tisa. Mfukoni utasahau umeibeba. Lakini siku ukiifyatua itakupiga kiganja mpaka uitukane, na mtu asiyependa kufyatua bastola yake hafanyi mazoezi. Hii ni ya kujidanganya."

Akachukua ya pili, ya milimita tisa, bapa, yenye kubeba risasi kumi. "Hii ni bora. Ukiiuliza akili yangu, itasema hii. Lakini tazama." Akajaribu kuvuta chuma cha juu. Dole gumba likateleza, akajaribu tena, likateleza tena. Vidole vyake vilikuwa vimevimba mafundo. "Springi yake ni ngumu kwa mikono ya sasa. Silaha usiyoweza kuivuta ni jiwe."

Ya tatu ilikuwa na nyundo ndogo nyuma, risasi zake fupi, sita ndani ya magazini na moja ndani ya chemba, na chuma chake kilivutika kwa vidole viwili. Aliishika, akaipima, akaitia mfuko wa koti, akaitoa, akahakikisha nyundo hainasi kwenye kitambaa. Akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Hii ni ya kizee, na mimi ni mzee. Nipe hii, ile kubwa ibaki kwako."

"Ngoja nikaipake mafuta," nikasema.

Kule nyuma nilitoa pini kwa dakika nne. Mikono ilijua kazi, maana ni yeye aliyeifundisha. Nilijiona mwizi. Niliitumbukiza pini katika mfuko wa aproni, nikajikaza, nikarudi mbele.

Bi Opal alikuwa ametoka kwenda kuleta gari. Mzee Harlan aliikagua tena, kwa utaratibu, kisha akaielekeza kwenye ndoo ya mchanga tuliyoiweka kwa kazi hiyo, akavuta kifyatulio. Nyundo ikaanguka. Akatega sikio. Akairudisha nyundo nyuma, akavuta tena, akasikiliza. Halafu akaiweka juu ya mkeka na kunitazama.

"Sauti imekufa," akasema. "Umetoa pini."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Ni mimi niliyemtolea Opal bastola, siyo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Akafunika uso kwa mikono miwili. Alikaa hivyo kidogo tu, kisha akajifuta na kuitia bastola mfukoni. "Kazi safi, binti. Nisingeifanya vizuri zaidi. Usimwambie Opal kwamba najua. Mwache alale."

"Sitamwambia."

"Na jingine. Nitakuja kusahau haya. Nitakuja hapa nitake nyingine, nitapiga kelele, nakujulisha mapema, maana najijua. Usiniuzie. Hata nikikutukana."

"Nitakwambia nini, mzee?"

Alifikiri. "Niambie Harlan kasema hapana." Akacheka kidogo. "Yule hata mimi humsikiliza."

Gari likapiga honi nje, akaenda.

Majira yote ya baridi aliibeba ile bastola. Bi Opal alinipigia simu mara moja kuniambia analala usingizi mpaka asubuhi, akanishukuru kwa kumdanganya mumewe. Nikasema si kitu.

Mwezi wa Mei mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia mzee kavaa koti vifungo vimepishana, Bi Opal akimfuata nyuma mbiombio. Kulikuwa na wateja wanne.

"Wewe mwanamke," akaniambia. "Nataka bastola ndogo. Kuna mama fulani anaishi nyumbani kwangu, na hii niliyonayo ni mbovu, nimeivuta, haipigi."

Bi Opal akashika ukingo wa kaunta. Sikuthubutu kumwangalia. Zile mbili alizozikataa, pamoja na pacha wa ile aliyoibeba, zilikuwa pale chini ya kioo, na yeye alikuwa ameshazinyooshea kidole, moja, mbili, tatu.

"Siwezi kukuuzia, mzee."

"Huwezi? Fedha ninazo, kibali ninacho! Nimebeba silaha kabla wewe hujazaliwa. Mwenye duka yuko wapi? Mpumbavu gani kakuweka hapa?" Akapiga kioo kwa kofi. "Nani kakufundisha kazi hii?"

Wateja walikuwa wameinamisha vichwa. Watatu kati yao alikuwa amewafundisha.

"Harlan Teague," nikasema. "Na Harlan kasema hapana."

Mkono wake ulibaki juu ya kioo. Nikaona macho yake yakitafuta, yakitafuta, kama mtu anayepapasa swichi ya taa kwenye chumba kigeni.

"Harlan kasema?"

"Ndiyo, mzee. Kaniambia mwenyewe, hapo hapo uliposimama."

Alishusha pumzi. Akavuta koti lake, akalinyoosha kwa heshima. "Basi. Kama Harlan kasema, anajua anachosema. Mtu mzuri yule." Akageuka, akamwona Bi Opal, akamwamkia kwa kichwa kama anavyoamkiwa mgeni. "Mama, unaweza kunisaidia? Sikumbuki nimeegesha wapi."

"Naweza," Bi Opal akasema, akamshika kiwiko.

Walipotoka nilifungua kabati, nikazitoa zile bastola tatu ili nizihamishie stoo asizione tena. Nilizikagua moja moja, magazini kwanza, kisha chemba, kisha kidole, kwa sababu machozi yalikuwa yamenijaa na sikuona vizuri.