Serikali Isiyotaka Jina la Mtu

Ukitaka kujua kwa nini programu yangu inaitwa Jina Kwanza, simama katikati ya soko la Butembo, ita "Kavuo!" kwa sauti, kisha tazama vichwa vitakavyogeuka. Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kuzaliwa, kwa hiyo karibu kila ukoo una Kavuo wake na Kambale wake. Mimi ni mmoja wa mabinti hao akina Kavuo. Siku moja lori lilinishushia mlangoni simenti iliyonunuliwa na Kavuo mwingine, nikabishana na dereva mpaka sauti ikanikauka, na simenti ikalala kwangu. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Hasira ile ndiyo iliyonikalisha mbele ya kompyuta nikaandika programu ya wafanyabiashara, ya kutunza bidhaa, mauzo na facture, yaani ankara, yenye amri moja isiyovunjika: bila jina kamili la mnunuzi, facture haitoki.

Aliyeipenda kuliko wote alikuwa Papa Aruna wa Beni, mfanyabiashara wa kahawa na kakao mwenye depo Beni na nyingine Kirumba. Kila asubuhi alifungua programu asome nani alinunua jana, apate kuwasalimu kwa majina na kuwauliza habari za watoto wao. Wengine walikuja kwangu kwa sababu yake. Wangesikia Aruna ametoka, wangetoka nao, na ofisi yangu ya Butembo ingefungwa mlango. Nilijua hivyo vizuri.

Basi Hadjara, binti yake, akamaliza masomo Hungaria, akapata chumba cha duka mjini Budapest auze kahawa na kakao ya baba yake. Papa Aruna akanipigia simu.

"Mwana yangu Kavuo, Hadjara anafungua samedi ya mwisho ya mwezi. Ninataka nione duka yake kutoka hapa Beni, na programu yako. Mais iko sheria moya kule."

Sheria ilikuwa hii: huko Hungaria, kila facture inayotoka kwenye programu ya duka lazima ijipeleke yenyewe, papo hapo, kwa mtandao, hadi kwenye kompyuta za ofisi ya kodi, bila mkono wa mtu kuigusa. Programu isiyojua kuongea na ofisi hiyo haiwezi kutoa facture dukani.

"Ikishindwa," akasema Papa Aruna, "Hadjara atanunua programu ya kule, na mimi nitamufuata. Duka yangu na ya mwana yangu, programu moya."

Nikasema itaweza. Ningesema nini kingine?

Nilisoma maelezo ya watu wale wa kodi kama mtu anayesomea mtihani wa taifa. Ofisi ile ina adabu zake. Unapeleka facture, inakujibu kwanza kwamba imepokea. Usishangilie. Unangoja kidogo, unarudi kuuliza: je, mmekubali? Hapo ndipo inakwambia ndiyo au hapana. Nikacheka peke yangu, maana ndivyo ilivyo ukienda kuposa: wazee wa binti wanaweza kupokea mbuzi wako leo, na jibu lenyewe ukalingoja.

Wametutengenezea pia mlango wa majaribio, ambapo unaweza kukosea bila kumkosea mtu. Nilijaribu facture ya hoteli, ikakubaliwa. Nikajaribu ya mgahawa, ikakubaliwa. Nikajiona fundi, na Ijumaa, siku moja kabla ya duka kufunguliwa, nikapanda gari kwenda Beni nikamwonyeshe Papa Aruna kwa macho yake.

Depo yake ilinukia kakao. Aliniwekea kiti karibu na meza yake, akaagiza chai, akampigia Hadjara simu ya picha. "Tujaribu mutu wa kawaida sasa," akasema. "Wa hoteli tumeshaona. Mama ya jirani aje kununua paketi moya."

Hadjara akaandika jina la jirani yake, akabonyeza. Imepokelewa. Tukangoja. Kisha yakaja maandishi marefu ya Kihungaria, mekundu.

"Ya Kavuo, banakatala," akasema Hadjara, ambaye huniita Ya, yaani dada mkubwa, akisoma kwa sauti ya chini. "Banasema munuzi akikuwa mutu tu, hapana société ao kampuni, hapana kutuma jina yake. Wala adresse yake. Banataka bei na kodi tu."

Nilisoma tena maelezo yangu, na kweli yalikuwepo, mstari mzima, nami nilikuwa nimeupita. Si kwamba sikuuona. Niliuona nikadhani nimeelewa vibaya, maana haikuniingia akilini kwamba kuna serikali duniani isiyotaka jina la mtu!

Papa Aruna aliweka kikombe chini. "Fisc gani iyi inakatala jina? Hapa kwetu, ata ukiuza mbuzi, banakuuliza jina ya nkambo yako!"

Wapakiaji waliokuwa na magunia mlangoni wakacheka. Mimi sikucheka. Amri ile ya jina niliifunga ndani kabisa ya programu, kama msingi wa nyumba. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikafungua kompyuta yangu nikasema: "Papa, hapana mbaya. Nitatosha jina kwa duka ya Hadjara. Facture zitatoka bila jina."

"Bila jina?" Uso wake ulibadilika. "Donc mwana yangu atauzisha kwa batu asiobajua? Munuzi akirudi, atamusalimia je? 'Wewe, mutu wa paketi moya'? Hapana, Kavuo. Jina jema hung'ara gizani. Nilichukua programu yako juu ya jina. Jina ikitoka, na mimi ninatoka."

Hapo nilishikwa na hasira ya kweli. Budapest wanasema ondoa jina la sivyo tunakataa, Beni wanasema ukiondoa jina tunakuacha, na mimi niko katikati kama karanga kwenye kinu. Nilimwambia Papa Aruna kwamba serikali ya watu haibembelezwi. Akaniambia na yeye habembelezwi. Hadjara kwenye simu akawa anasema "Papa, jamani, Ya Kavuo, jamani," na hakuna aliyemsikiliza. Nilihisi machozi yakinipanda, nikayarudisha kwa kumeza chai ya moto iliyonichoma ulimi.

Simu ya pili ya Papa Aruna ikalia. Alikuwa mtu fulani wa njiani, akitaka kujua kama barabara ya kutoka Butembo ni salama. Papa Aruna akajibu kwamba gari moja limefika vizuri. Nikasikia sauti ikiuliza ni nani aliyefika.

"Mugeni wangu," akasema Papa Aruna, akakata.

Nilimtazama. Hasira ilikuwa bado mdomoni. "Papa, mimi niko mbele yako. Mbona hukusema jina yangu?"

"Anauliza ya nini? Kwa njia iyi ya batu babaya, hapana kutaja jina ya mutu kwa simu. Jina yako ninaijua mimi mwenye nyumba. Yeye anapashwa kujua tu kama gari imefika, basi."

Hadjara ndiye aliyeanza kucheka huko mbali, kwanza kidogo, kisha hata picha ikatikisika.

"Papa! Umesikia kile umesema?"

Alikuwa amesikia. Alijipiga paja, akacheka mpaka kofia yake ikasogea. "Ah! Donc bale batu ba fisc hapana babaya. Beko na adabu! Jina ya mugeni inabakia kwa mwenye nyumba."

Basi hivyo ndivyo nilivyofanya, pale pale kwenye depo, kompyuta juu ya gunia la kakao, huku Papa Aruna akimfukuza kila aliyenikaribia. Facture anayopewa mnunuzi ikabaki na jina lake kamili, na Hadjara analo dukani, na baba yake analiona Beni. Nakala inayokwenda kwa watu wa kodi ikiwa ya kampuni inabeba jina, ikiwa ya mtu wa kawaida inabeba bei na kodi, basi. Amri yangu haikuvunjika. Niliifundisha tu mahali pa kunyamaza. Tukajaribu tena na jirani yule yule. Imepokelewa. Imekubaliwa. Lakini yale yalikuwa majaribio, na duka la kweli lilikuwa kesho.

Jumamosi tukakaa watatu, wawili Beni na mmoja Budapest. Papa Aruna alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Idi. Hadjara akafungua mlango. Mtu wa kwanza kuingia alikuwa mama mzee mwenye mkoba wa magurudumu, akanusa kahawa ya Kirumba kwa muda mrefu, akachukua paketi. Hadjara akamuuliza jina, akaandika: Halász Piroska. Kule nao huanza na jina la ukoo, kama sisi kwenye karatasi zetu. Akabonyeza.

Imepokelewa.

Papa Aruna alikuwa akisoma dua kwa midomo tu. Mimi nilikuwa nimefika nusu ya Salamu Maria, nikasahau inayofuata. Nilijua kwamba likija jibu jekundu sina tena ofisi.

Imekubaliwa.

"Piroska," akasoma Papa Aruna kwenye kioo cha kompyuta yake, polepole, akilijaribu jina mdomoni. "Hadjara, umusalimie. Umwambie ni mimi baba yako, niko Beni. Umuulize habari ya batoto."

Hadjara akatafsiri. Mama yule akashangaa, akaangalia simu, akamwona mzee mwenye kanzu. Kisha akaanza kusema, akasema sana, akapangusa macho kwa kiganja cha mkono.

"Papa, anasema binti yake amezaa juzi. Mujukuu wa kwanza. Anasema leo tangu asubui hakupata mutu wa kuambia."

"Alhamdulillahi!" Papa Aruna akasimama. "Umupatie paketi ya kakao, ya mama ya mutoto. Zawadi!"

"Papa! Fisc nitaandikia nini?"

"Uulize Kavuo. Programu ni yake, kule na huku, mpaka nife."

Nilitaka kushukuru kwa adabu, kama binti aliyelelewa vyema. Nikasema "Wasingya, Papa" mara moja, na machozi yakanishuka wazi mbele ya wapakiaji wote. Nikanyakua simu mkononi mwake, nikapiga kelele mpaka magunia yakawekwa chini:

"Hadjara! Mupatie bure, kisha uzisha! Ita mwingine, uzisha tena!"