Nelda Anaanzisha

Eula Pruitt hakuwahi kusikiliza hata wimbo mmoja wa binti yake, Nelda. Kanisani kwao, pale Texas karibu na mitambo ya mafuta, gitaa lilikuwa dhambi. Waliimba kwa sauti zao tu: mmoja anavumisha sauti ya kuanzia, midomo imefumbwa, mwingine anaipokea, ndipo wote wanaingia. Nyumbani, wakiosha vyombo, Nelda ndiye aliyeanzisha na mama yake ndiye aliyepokea.

Kisha Nelda akaenda zake California, akavuma dunia nzima kwa sauti yake ya kukwaruza na magitaa ya umeme. Eula akaapa kutomsikiliza mpaka aache kelele hizo. Heroini ikamwahi binti, ikamuua.

Sasa filamu ya maisha yake imefika, na mji uleule uliomzomea Nelda shuleni umejaa ukumbini na bisi zake. Watu hawana haya.

"Mama, ukichoka tunaondoka," Wendell, mwanawe, alinong'ona.

"Nichoke nini na nimekaa? Huyo msichana mbona mzuri hivyo? Nelda alikuwa na chunusi."

"Mwigizaji huyo. Anachezesha midomo tu. Sauti ni ya Nelda mwenyewe, kutoka kwenye kanda zake."

Mwigizaji akasogelea maikrofoni. "Mmm." Kikafuata kimya cha pumzi moja, ndipo ngoma zikalipuka.

Eula akamkamata mwanawe mkono. "Hiyo 'mmm' wameitia wao?"

"Wapi! Iko kwenye nyimbo zake zote. Wapiga gitaa walimtania eti anasubiri basi. Alikataa katakata ikatwe."

"Zote?"

"Zote, Mama. Nilidhani unajua."

Angejulia wapi? Kumbe miaka yote ile mtoto alikuwa anaanzisha, anamwachia mama yake nafasi, haji mtu, anaingia peke yake.

Ukafika wimbo wa mwisho. "Mmm," akavumisha Nelda, marehemu.

Eula akasimama, akapokea. Sauti yake ya kizee ilitoka nyembamba, ikitetemeka, na kabla haijakaa sawa magitaa yakaifunika. Watu wakageuka.

"Kaa, Mama. Tafadhali."

"Nenda kawaambie warudishe nyuma," alisema Eula, macho yakiwa kwenye skrini. "Hajanisikia."